Lugha ya Viraka: Kanuni za Kuchangia Msimbo katika Linux

Makusudio ya makala haya ni kueleza kanuni wanazozifuata watu wanaotaka kuchangia msimbo katika programu huria, na khasa zile za Linux, ambayo ni mashuhuri kuliko nyingi za jinsi yake. Msomaji wa jarida la lugha aweza kuuliza kwa nini jambo la mafundi wa kompyuta liletwe mbele yake. Jibu ni kwamba kanuni hizo, zikisomwa kwa makini, kwa sehemu kubwa ni kanuni za matumizi ya lugha: zaagiza dhamira ya kitenzi, utaratibu wa hoja, na namna ya kutoa ushahidi. Tena, tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, imekuwa dhahiri kwamba wataalamu wa Kiswahili nao wanayo kazi ndani ya programu hizi. Na mchango ulio mwema waweza kurudishwa kwa sababu tu mwandishi wake hakujua desturi ya mahali anapoupeleka.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Msimbo wake waonwa na kila mtu, na kila mtu anayo ruhusa ya kuunakili, kuubadili na kuutoa kwa wengine kwa masharti ya leseni yake. Siku hizi kila toleo la kiini chake, ambalo hutoka baada ya wiki tisa au kumi hivi, hukusanya mabadiliko zaidi ya 10,000. Badiliko moja pamoja na maelezo yake huitwa kiraka. Kiraka hupelekwa kwa barua pepe ya maandishi matupu, bila ya mapambo wala viambatisho, kwa mtunzaji wa sehemu inayohusika na kwa wenzake, ili kila mmoja aweze kukinukuu mstari kwa mstari na kukijadili mbele ya wote.

Kiraka huanza na kichwa, nacho hutaja sehemu ya programu inayoguswa, kisha hutoa muhtasari wenye herufi zisizozidi 75. Baada ya kichwa huja maelezo, na hapa ndipo penye kanuni ya kwanza iliyo kubwa: tatizo hutangulia dawa. Kiraka kiwe cha mstari mmoja au cha mistari 5,000, lazima liwepo tatizo lililomsukuma mwandishi, na yampasa alieleze kwa namna itakayomridhisha mtu asiyelijua. Lazima aseme pia mtumiaji anadhurika vipi. Akidai kwamba badiliko lake laongeza kasi, sharti alete tarakimu. Na kama kasi hiyo inapatikana kwa hasara fulani, sharti aitaje hasara.

Hapa siwezi kujizuia kulinganisha na kazi yetu wenyewe. Orodha zetu za istilahi aghalabu hutupa neno la Kiingereza upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili, basi. Sababu haimo, wala mapendekezo yaliyokataliwa hayamo. Mtu akiuliza leo neno "ngamizi" lilibuniwa kwa hoja gani, na "tarakilishi" kwa hoja gani, aghalabu hujibiwa kwa kukisia. Lakini katika Linux, mtu aweza kuuonyesha mstari wowote wa msimbo na kuiuliza kompyuta ni nani aliyeuandika hivyo, siku gani, na kwa sababu gani. Na maelezo ya kiraka huletwa mbele yake hata ikiwa miaka kumi na mitano imepita.

Kanuni ya pili yatuhusu zaidi, kwani ni ya sarufi tupu. Mwandishi anaagizwa atumie dhamira ya amri, kana kwamba anauamrisha msimbo wenyewe ubadili mwenendo wake. Asiseme kwamba kiraka hiki chafanya jambo fulani, wala kwamba yeye amelifanya. Kwa Kiingereza agizo hili ni jepesi, maana umbo la kuamuru halitofautiani na shina la kitenzi, na mwandishi hana haja ya kuamua anasema na nani. Kwa Kiswahili hatuna njia ya kukwepa. Twaweza kusema "Nimeondoa", "Kuondoa", "Iondolewe" au "Ondoa", na kila moja yatupeleka kwingine.

"Nimeondoa" yasimulia tendo la mtu lililokwisha kutendeka. Walakini kiraka kinaposomwa na mtunzaji hakijatendeka bado. Na kitakaposomwa na wajao baadaye, nafsi ya kwanza itakuwa imepoteza mwenyewe. "Kuondoa" ni kitenzi-jina. Chafaa kuwa kichwa cha sura ya kitabu, lakini hakiagizi lolote. "Iondolewe" ina adabu, nayo ndiyo ambayo wengi wetu tungeandika, lakini adabu hiyo yaelekezwa kwa mtunzaji, kana kwamba twamwomba yeye afanye kazi. Kwa maoni yangu "Ondoa" ndiyo iliyo sawa. Katika desturi zetu amri iliyo wazi humkwaza msikilizaji aliye mtu, ndiyo maana twailainisha kwa "uondoe" au kwa "naomba". Anayeamrishwa hapa si mtu, basi hapana wa kukosewa heshima. Yafaa iwe umoja pia, si "Ondoeni", kwa kuwa msimbo wahesabiwa kitu kimoja ijapokuwa mafaili yake ni maelfu. Tena Kiswahili chatupa faida ambayo Kiingereza hakina: katika "Zuia tarehe isisomwe mara mbili", kitenzi cha pili kilicho katika dhamira tegemezi chabeba lengo la amri bila ya haja ya kiunganishi.

Kanuni ya tatu ni kwamba kiraka kimoja kibebe jambo moja tu, na kila kimoja kikiisha kutiwa, programu iweze kujengeka na kufanya kazi. Sababu yake ni ya kiufundi. Hitilafu ikigunduliwa, mafundi huigawa historia nusu kwa nusu, wakijaribu katikati, mpaka wampate mkosaji. Kwa njia hiyo viraka 1,000 vyahitaji majaribio kumi hivi. Kiraka kimoja kibovu katikati chaweza kuuharibu uchunguzi wote.

Chini ya maelezo huja sahihi. Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishitaki IBM, ikidai kwamba mali yake ilikuwa imeingizwa katika Linux bila ya haki. Mwaka 2004 kikawekwa cheti cha asili: mchangiaji hutia jina lake kushuhudia kwamba kazi ni yake naye anayo haki ya kuitoa, au kwamba imetokana na kazi nyingine yenye leseni inayofaa, au kwamba alipewa na mtu aliyeshuhudia hivyo, naye hakuibadili. Hukubali pia kwamba ushahidi wake ni wa hadharani na utahifadhiwa. Mchango wa mtu asiyejulikana haupokelewi. Kila mtunzaji anayekipitisha kiraka huongeza jina lake chini ya waliomtangulia, kwa mfuatano. Msomaji aliyesoma hadithi za Mtume ataikumbuka isnadi, lakini wapokezi wa isnadi huchunguzwa ili ijulikane kama maneno ni sahihi, ilhali sahihi hizi zashuhudia haki tu. Ubora una mistari yake mingine: wa aliyekikagua kiraka, wa aliyekijaribu, na wa aliyeripoti kosa. Maneno ya Kiingereza yanayoanza mistari hiyo hayafasiriwi, kwa kuwa husomwa na programu pia.

Juu ya majadiliano sina mengi. Jibu huandikwa chini ya maneno yanayojibiwa, si juu yake. Asiyejibiwa hungoja angalau wiki moja kabla ya kukumbusha. Na kiraka kilichorekebishwa hupewa namba ya pili, ya tatu, na kuendelea. Maelezo ya tofauti baina ya namba hizo huwekwa chini ya vistari vitatu, mahali ambapo yatasomwa na wakaguzi lakini hayataingia katika kumbukumbu ya kudumu. Mgawanyo huo wafaa kujaribiwa katika kamati za istilahi: juu ya vistari, tatizo, neno na hoja yake; chini yake, nani alipinga kikao kipi na rasimu ilibadilika mara ngapi.