Je, Wajua? Visa vya Viza

Je, wajua kwamba neno "visa" lilikuwamo katika Kiswahili kabla ubalozi wowote haujafungua dirisha Dar es Salaam? Ni wingi wa kisa. Tena ukimfanyia mtu visa, umemsumbua makusudi. Lile la kwenye pasipoti limetoka Kilatini, charta visa, yaani karatasi iliyokwisha kukaguliwa, na ndiyo maana wengi siku hizi huandika "viza" kwa z, maneno yasigongane. Aliyewahi kusimama foleni tangu alfajiri na bahasha ya kaki mkononi atakwambia z haijabadilisha kitu.

Je, wajua kwamba kijitabu cha pasipoti kilidhaniwa kuwa ni cha muda tu? Mwaka 1920, mjini Paris, mkutano ulioitishwa na Shirikisho la Mataifa ulipendekeza nchi zote zitumie kijitabu cha muundo mmoja, chenye kurasa 32. Vita Kuu vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu, na wajumbe walitumaini vizuizi vya safari vingeondolewa hali ikitulia. Imepita karne na ushei. Bado tunasubiri itulie.

Mfalme Charles III wa Uingereza hana pasipoti. Pasipoti zote za nchi yake hutolewa kwa jina lake, na mtu hajiombei njia mwenyewe.

Je, wajua kwamba viza si ruhusa ya kuingia? Ni ruhusa ya kwenda kubisha hodi. Chukua Marekani: tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye viza ni siku ya mwisho ya kufika mlangoni, si siku ya mwisho ya kukaa. Muda wa kukaa hupangwa na ofisa wa mpakani na kuandikwa katika kumbukumbu inayoitwa I-94. Kwa hiyo mtu anaweza kutua viza ikiwa imebakiza siku moja, akapewa miezi sita bila tatizo. Mwenzake mwenye viza ya mwaka mzima anaweza kupitiliza tarehe ya I-94 akawa mkosaji, ilhali viza yenyewe bado hai kwenye pasipoti.

Wajua kwa nini ofisa wa Marekani anakuuliza habari za watoto na kazi yako kuliko za huko uendako? Kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji kinamhesabu kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ni mtu anayetaka kuhamia, mpaka mwombaji mwenyewe athibitishe kuwa sivyo. Mzigo wa ushahidi ni wako. Na tangu Agosti 2025 waombaji wa baadhi ya nchi walianza kudaiwa dhamana ya fedha, hadi dola 15,000, inayorudishwa ukirejea kwenu kwa wakati. Malawi na Zambia ndizo zilizotangulia. Tanzania ikaongezwa Oktoba mwaka huohuo.

Kupita tu je? Marekani haina eneo la abiria wa kuunganisha ndege wasiopita uhamiaji. Hata ukienda Mexico kupitia Miami, na hata ukikaa uwanjani saa mbili tu, unakaguliwa kama anayeingia, na kama nchi yako inadaiwa viza, unahitaji ya kupitia.

Je, wajua mpaka wa kwanza wa nchi uendayo uko wapi? Uko kwenye kaunta ya shirika la ndege, hapahapa nyumbani. Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, katika kiambatisho chake cha 9, unalibebesha shirika jukumu la kumrudisha abiria aliyekataliwa kuingia huko alikokwenda, na nchi za Umoja wa Ulaya huongeza faini inayohesabika kwa maelfu ya euro kwa kila kichwa. Ndiyo maana yule kijana wa kaunta anaigeuzageuza pasipoti yako kama anayekagua noti bandia. Hana shida na wewe. Anaogopa bili.

Mimi hilo nililijifunza usiku mmoja nikielekea Dubai. Viza ninayo, hoteli imelipiwa, begi limeshapimwa kilo 22 na ushei. Dada wa kaunta akafungua ukurasa wa picha, akatazama kioo cha kompyuta, akatazama tena ukurasa, akahesabu kwa vidole. "Kaka, hii imebakiza miezi mitano." Nikamwambia safari yenyewe ni siku sita. Akanijibu kwa upole kwamba Falme za Kiarabu zinataka pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Begi likarudi kwenye mkanda, safari hii likija upande wangu. Shemeji aliyenileta alikuwa ameshafika nyumbani na kuvua viatu.

Nchi nyingi zina sharti hilo la miezi sita, Tanzania ikiwamo kwa wageni wake. Schengen wao hutaka miezi mitatu kuanzia siku unayotoka kwao, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita.

Hiyo Schengen nayo, wajua ni nini hasa? Ni kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle, mahali Luxembourg, Ufaransa na Ujerumani zinapokutana. Tarehe 14 Juni 1985 nchi tano zilitia saini makubaliano ya kuondoa ukaguzi mipakani mwao, ndani ya meli ya Princesse Marie-Astrid iliyokuwa imefungwa gati mtoni. Leo ni nchi 29. Ireland na Cyprus ni wanachama wa Umoja wa Ulaya lakini hawamo. Uswisi na Norway si wanachama wa Umoja huo lakini wamo. Usikisie kwa ramani.

Je, wajua unaombea ubalozi gani ukitaka kuzunguka nchi tatu? Ule wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni wa nchi utakayoingia kwanza. Habari ya kuomba kwa nchi "inayotoa kirahisi" kisha ukaishia kwa shangazi yako Ujerumani inaonekana wazi kwenye tiketi na hoteli ulizowapelekea wenyewe.

Ada ni euro 90 tangu Juni 2024. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa 45, aliye chini ya hapo halipi kitu. Ukinyimwa, hairudi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ingawa sheria inawaruhusu kufika 45. Anayejua kuhesabu haombi wiki tatu kabla ya harusi ya mdogo wake.

Bima ya safari lazima ifike euro 30,000, na iwe inalipia matibabu ya dharura na kurudishwa kwenu, hata ukiwa maiti. Alama zako za vidole hutunzwa miezi 59, hivyo ukiomba tena ndani ya muda huo kwa kawaida huguswi vidole. Kuhusu fedha za benki, sheria haitaji kiasi kimoja kwa nchi zote, ila nitasema nililoliona: akaunti iliyolala miezi mitatu kisha ikaamka na milioni kumi na tano wiki moja kabla ya kuomba haimdanganyi mtu. Wanayoyasoma ni maisha ya akaunti: mshahara, LUKU, ada ya shule.

Je, wajua kusoma stika ya Schengen? Hapa ndipo wengi wanapoumia, na wenye digrii wamo. Stika ina mistari miwili inayofanana kwa sura. Mmoja unasema, tuseme, kuanzia 3 Mei hadi 1 Juni. Mwingine unasema muda wa kukaa: siku 15. Wa kwanza ni siku 30, wa pili ni nusu yake. Ule mrefu ni dirisha: umeongezewa siku 15 za nafasi ili ndege ikiahirishwa usipoteze viza. Mfupi ndio wa kukaa. Ukiingia tarehe 3, mwisho wako ni tarehe 17, na siku uliyoingia na siku unayotoka zote zinahesabiwa, hata kama umetua saa tano na dakika hamsini za usiku.

Mwenye viza ya kuingia mara nyingi naye ana hesabu yake: siku 90 ndani ya kila siku 180. Haianzi Januari wala haifutiki ukitoka nje na kurudi kesho. Kila siku uliyopo kule, ofisa anahesabu siku 180 kurudi nyuma na kuangalia umekaa ngapi. Aliyeingia tarehe 1 Machi akakaa mfululizo hadi 29 Mei amemaliza 90 zake. Mlango unamfungukia tena tarehe 28 Agosti. Zamani walihesabu kwa mihuri, na mhuri uliofifia uliwahi kuwa rafiki wa mtu. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 wameanza kuweka mfumo wa kompyuta unaochukua sura na vidole vya mgeni anapoingia na anapotoka. Kompyuta haififii.

Abiria wa nchi 12, zikiwamo Kongo ya Kinshasa, Somalia na Ethiopia, hudaiwa viza hata ya kubadilisha ndege tu katika uwanja wa Schengen bila kutoka nje, isipokuwa kwa wenye vibali fulani.

Je, wajua kuna mahali Ulaya pasipodai viza ya mtu yeyote? Svalbard, visiwa vya Norway karibu na Ncha ya Kaskazini, kwa sababu ya mkataba wa 1920. Usishangilie. Kwa kawaida njia ya kufika huko inapita Norway bara, ambako viza inadaiwa, tena uwe na ya kuingia mara mbili: ukienda Svalbard umetoka Schengen, na ukirudi unaingia upya.

Majina je? Mwenye pasipoti yenye jina moja tu hupewa na Marekani jina la kwanza "FNU", kifupi cha "jina la kwanza halijulikani". Falme za Kiarabu tangu Novemba 2022 haziwapokei kwa viza ya matembezi wenye jina moja. Sisi tunaoitwa Ali Juma Ali tuna shida nyingine: tiketi ikiandikwa Juma Ali na pasipoti ikasema Ali Juma, kaunta ndipo utakapojua wewe ni nani.

Picha ya viza ya Marekani: miwani hairuhusiwi tangu Novemba 2016, hata ya macho. Mgonjwa anapewa msamaha, kwa barua ya daktari.

Kadi ya njano ya homa ya manjano, wajua haiishi muda? Tangu 11 Julai 2016 chanjo moja inatambulika maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Ila huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo anayechanja Jumatatu ili asafiri Jumatano amechelewa. Mahujaji nao hudaiwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, vilevile si chini ya siku kumi kabla ya kufika.

Na sisi tuna visa vyetu. Mmarekani hulipa dola 100 kuingia Tanzania wakati wageni wengi wa mataifa mengine hulipa 50. Zanzibar tangu Oktoba 2024 inamtaka mgeni wa nje anunue bima yake ya dola 44 hata kama ana nyingine mfukoni. Kenya iliondoa viza Januari 2024 ikaweka kibali cha mtandaoni cha dola 30. Ukibadilisha jina mlangoni, kodi haipungui sana. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwenda kwa wenzao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania haimo katika mpango huo, wala katika ile viza moja ya utalii ya dola 100 ya nchi hizo tatu.

Mwisho, wajua mistari miwili yenye alama za <<< chini ya picha yako? Kila mmoja una herufi na tarakimu 44, na mashine inaposoma hujipima yenyewe isikosee. Jaribu. Kwenye mstari wa chini tafuta M au F. Tarakimu sita zinazofuata ni mwisho wa pasipoti: mwaka, mwezi, siku. Ya saba ni ya ukaguzi. Pasipoti inayoisha tarehe 15 Aprili 2030 huandikwa 300415. Zidisha tarakimu hizo kwa 7, 3, 1, 7, 3, 1 kwa mfuatano: 21, 0, 0, 28, 3, 5. Jumla 57. Tarakimu ya mwisho, 7, ndiyo itakayokuwa imechapwa pale. Kaifungue kabatini ufanye hesabu yako, na ukiwa hapo, angalia imebakiza miezi mingapi.