Ganda la Korosho na Mapunye ya Gatina

Kinyozi wa mtaa wa Gatina, Nairobi, akipitisha mashine ileile kichwa baada ya kichwa bila kuisafisha, mapunye husafiri nayo. Chanzo chake ni kuvu, hasa wa jamii ya Trichophyton, wanaokula keratini, protini inayojenga nywele, kucha na ngozi ya juu. Mwaka 2009 jarida la East African Medical Journal lilichapisha uchunguzi wa kuvu hao miongoni mwa wanafunzi wa shule za msingi za Kibera.

Je, dawa ya mapunye yaweza kutoka kwenye taka za korosho? Swali hili si la kubezwa. Ganda linalobaki Kilifi au Mtwara baada ya kubanguliwa lina mafuta meusi, takriban robo ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo yakiwa mabichi ni asidi ya anakadi. Kikemia, hiyo ni asidi ya salisili iliyoota mkia wa kaboni 15. Asidi ya salisili nayo ni dawa ya zamani ya choa, ugonjwa wa kuvu wa ngozi: marhamu ya Whitfield huwa na asilimia 3 yake na asilimia 6 ya asidi ya benzoiki. Salisili hubambua ngozi iliyokufa, kuvu wakakosa makao. Mkia wa anakadi, kwa kuwa unapenda mafuta, huiwezesha kupenya utando wa kijidudu.

Lakini watafiti Himejima na Kubo walipoijaribu maabarani, mwaka 1991, nguvu yake kubwa ilionekana dhidi ya bakteria, si kuvu. Tena joto la kukaangia korosho huigeuza kuwa kadanoli, kwa hiyo mafuta ya kiwandani si kitu kilekile.

Nawasihi wazazi: msimpake mtoto mafuta ya ganda. Yanaunguza. Wabanguaji wanayajua kwa malengelenge ya mikono yao.

Hata marhamu iliyosafishwa vizuri, ikipatikana siku moja, itafaa choa ya mwilini tu. Kwenye mapunye, kuvu huingia hadi ndani ya unywele na shina lake, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki. Mtoto huyo anahitaji vidonge vya griseofulvini au tabinafini kwa wiki kadhaa, kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito wake, na kinyozi anayesafisha mashine kila anapomaliza kichwa.