Sura ya Nne: Vigezo vya Kiti cha Kubembea

Kigezo ni umbo la kipande kimoja cha samani, lenye ukubwa wake kamili, linalokatwa kwenye ubao mwembamba wa bei nafuu ili mstari wake uhamishiwe baadaye kwenye mbao zenyewe. Maseremala wa Lubumbashi, ambao lugha yao ya karakana imechota mengi katika Kifaransa, hukiita gabari. Meza au kabati, kwa kuwa pande zake karibu zote zimenyooka, huweza kutengenezwa kwa rula na guni peke yake. Kiti cha kubembea hakina hali hiyo, kwani miguu yake, mikono yake na hasa matao mawili ya chini yanayogusa sakafu ni ya kupinda, na tao la kulia lisipolingana na la kushoto kiti huenda mshazari kila kinapobembea. Fundi anayekitengeneza kwa mara ya kwanza hana njia nyepesi ya kuupata ulinganifu huo ila kuchora pande zote mbili kwa kigezo kimoja.

Sababu ya pili ni ya mbao zenyewe. Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910, umezungukwa na misitu ya miombo, ambamo hutoka mulombwa, mti ambao Tanzania huitwa mninga na ambao husinyaa kidogo sana unapokauka, pamoja na mukula, ndugu yake mwenye mbao nyekundu, ambao biashara yake ya kupelekwa China ilikuwa kubwa na ambao mwaka 2019 uliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Misitu hiyo hiyo hukatwa pia kwa ajili ya makala ya kupikia mjini, kwa hiyo ubao mzuri unazidi kuwa adimu, na ni afadhali kosa lifanyike kwenye kipande cha tripleksi, yaani ubao wa matabaka membamba yaliyogundishwa, kuliko kwenye mulombwa uliokwisha kulipiwa.

Kazi huanza na kigezo cha tao, kwa sababu ndicho kinachoamua jinsi kiti kitakavyobembea. Mambo mawili hutazamwa pamoja: nusukipenyo cha duara ambalo tao ni sehemu yake, na kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa kiti na mtu aliyekikalia huweza kuhesabiwa kuwa umekusanyika, ambapo kwa mtu mzima huwa kwa makadirio kati ya sentimita 55 na 70 kutoka sakafuni. Nusukipenyo kikikaribiana na kimo hicho, kiti hupoteza nguvu ya kurudi katikati na aliyekikalia huweza kupinduka. Kikizidi mno, kwa mfano kikafika mita 2, kiti hurudi kwa haraka na kwa ukali, nacho hakistareheshi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huchagua kati ya sentimita 90 na 115.

Mstari wenyewe huchorwa kwa ufito ulionyooka, uliopigiliwa msumari upande mmoja na kutobolewa tundu la penseli upande wa pili, umbali wa mita 1 kamili. Msumari ukishikizwa sakafuni na penseli ikazungushwa juu ya tripleksi ya milimita 6, tao hupatikana bila kubahatisha, na hupimwa hivi: uzi ukinyooshwa kati ya nukta mbili za tao zilizoachana kwa sentimita 80, nafasi iliyopo katikati, kati ya uzi na tao, lazima iwe sentimita 8 na milimita 3 hivi. Baada ya kukata kwa msumeno, ukingo husawazishwa kwa tupa na msasa, kisha fundi huupitishia kidole taratibu, kwa maana kinundu ambacho jicho halikioni kidole hukitambua, na kiti nacho kitakitambua kwa kugonga sakafu. Kabla ya kukata mbao, kigezo hicho na nakala yake hufungwa kwa skrubu, vikiimarishwa kwa vipande vya mbao, kwenye miguu ya kiti kikuukuu, mtu akaketi kwa uangalifu na kubembea, na kasoro yoyote ikarekebishwa hapo hapo.

Vigezo vya miguu, mikono na egemeo hufuata, kila kimoja kikiandikwa jina la kipande, mstari wa katikati, mahali pa kila kiungo cha ulimi na tundu, na mshale unaoonyesha mwelekeo wa nyuzi za mbao. Mshale huo si pambo: tao lililotajwa likikatwa kwenye ubao ulionyooka, nyuzi kwenye ncha zake huikata njia ya tao kwa pembe ya digrii 24 hivi, na hapo ndipo huvunjika kwa urahisi. Kwa hiyo mafundi wengi hugundisha vipande vyembamba juu ya kalibu, yaani umbo la kubania, ambalo huchongwa kwa kufuata kigezo kile kile.

Vigezo hivyo havitupwi kiti kikishakamilika. Sam Maloof (1916–2009), seremala wa California aliyejulikana duniani kwa viti vya kubembea, alivihifadhi vigezo vyake karakanani ili avitumie tena na tena. Kwa Lubumbashi kuna jambo moja zaidi la kuangalia: kartoni hujikunja wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, hivyo hutosha kwa rasimu tu, na kigezo cha kudumu kinafaa kuwa cha tripleksi, kitundikwe pakavu, kiandikwe tarehe na vipimo, na fundi anayeanza asiguse ubao wa mulombwa kabla kigezo chake hakijakubalika.