Ukiona Vyaelea: Namna ya Kupima Usalama wa Boti ya Kukodi Katika Ziwa Turkana

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili kuhusu vyombo vya majini ambazo zikiwekwa pamoja hukinzana. Ya kwanza husema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Ya pili husema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali ya kwanza huyachukulia maangamizi kuwa jambo lililokwisha kukadiriwa, hata nahodha awe hodari vipi. Ya pili hutukumbusha kwamba kuelea ni zao la kazi: kuna aliyepasua mbao, aliyezichonga, aliyezikalafati, na anayeendelea kuzikagua kila siku chombo kinapotiwa majini. Makala haya yanaegemea methali ya pili. Yananuia kueleza jinsi abiria asiye baharia anavyoweza kuamua kama boti anayotaka kukodi ni ya kuaminiwa, kwa kuchukua mfano wa Kalokol, mji wa wavuvi ulio kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana.

Huenda msomaji akajiuliza mada hii inahusiana vipi na jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba wengi wetu hutoka madarasani kwenda nyanjani kukusanya masimulizi, nyimbo na istilahi za kazi. Anayetaka kuwasikiliza wavuvi wa Longech, ule ulimi wa ardhi unaoikinga Ghuba la Ferguson, au kuzuru Kisiwa cha Kati, hana budi kupanda boti. Kibali cha utafiti hakiwezi kumweleza kama mashine ya boti hiyo ni nzima. Aidha, kama tutakavyoona, sehemu kubwa ya upimaji huo hufanyika kwa lugha, na lugha ndiyo taaluma yetu.

Ziwa lenyewe

Ziwa Turkana lina urefu wa zaidi ya kilomita 250 kutoka kaskazini hadi kusini, na maji yake yana magadi. Upepo wa kusini-mashariki hupenya katika njia iliyo baina ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na kwa kuwa njia hiyo ni nyembamba, upepo huongezeka kasi. Wataalamu wa hali ya hewa Kinuthia na Asnani waliueleza mkondo huo wa upepo katika utafiti wao wa mwaka 1982, lakini wavuvi walikuwa wakiujua tangu jadi kwa kuishi nao. Nguvu ya upepo hubadilika kulingana na saa za siku, na kwa sababu hiyo swali la saa ya kuondoka ni zito kuliko swali la bei.

Jambo ambalo mgeni hulisahau ni kwamba ghuba limekingwa. Maji yanayoonekana yametulia pale boti zinapofungwa hayatoi ushahidi wowote kuhusu mawimbi yaliyo nje ya ghuba. Anayeamua kwa kutazama ufuo peke yake ni sawa na anayeihukumu riwaya kwa jalada lake.

Kina cha maji nacho hakikai mahali pamoja. Katika miaka ya 1980 maji yalipungua hata ghuba likakauka. Kiwanda cha samaki kilichojengwa Kalokol kwa msaada wa Norwei mwanzoni mwa miaka hiyo kilifanya kazi kwa muda mfupi tu, na kupungua kwa ziwa kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyokikwamisha. Kuelekea mwaka 2020 hali iligeuka: maji yalipanda na kumeza miti na maeneo yaliyokuwa nchi kavu. Kwa hiyo, ramani ya zamani haimwonyeshi nahodha mahali penye visiki vilivyofunikwa na maji. Anayepajua ni yule anayepita hapo mara kwa mara.

Historia ya ziwa hili ina onyo pia. Mwaka 1934, wakati wa safari ya kisayansi iliyoongozwa na Vivian Fuchs, wanachama wawili, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini. Hawakuonekana tena. Walikuwa watu wenye elimu, na nyuma yao kulikuwa na msafara uliopangwa, lakini ziwa halikutofautisha baina yao na mtu mwingine yeyote.

Lugha ya kuuliza

Abiria wengi huuliza swali moja tu: “Boti ni salama?” Nao hujibiwa: “Salama.” Hapa Kiswahili chenyewe humponza muulizaji, kwa maana neno *salama* lina kazi mbili. Ni dai kwamba hakuna hatari, na papo hapo ni kiitikio cha salamu. Anayeulizwa habari za asubuhi huitikia “salama” hata kama hakulala usiku kucha. Ndivyo inavyotokea ufuoni: nahodha huitikia kwa adabu, naye abiria huichukua adabu hiyo kuwa taarifa ya ukaguzi. Hakuna aliyesema uongo, lakini hakuna aliyejua lolote zaidi ya alilolijua awali. “Hamna shida” na “usijali” ni za ukoo huohuo.

Dawa yake ni kuuliza maswali yasiyoweza kujibiwa kwa neno la adabu. Sarufi yetu inatusaidia hapa. Tukitazama viambishi vya mahali, “majaketi yako” hutuambia kwamba majaketi ya kuokolea yanapatikana mahali fulani pasipo dhahiri, labda nyumbani kwa mwenye boti. “Majaketi yapo” hutusogeza karibu zaidi. “Majaketi yamo” ndilo jibu tunalolihitaji, kwani kiambishi *-mo* huyaweka ndani ya chombo. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku, hasa huku bara, wasemaji hawazingatii tofauti hizi. Kwa hiyo abiria asiishie kusikiliza kiambishi, bali aseme: “Nahodha, naomba unionyeshe.” Kisha ahesabu. Yakiwa manane na abiria ni kumi na wawili, mazungumzo yamekwisha.

Vivyo hivyo kwa kiambishi *hu-*. “Boti hii hubeba watu kumi” ni kauli ya mazoea isiyofungamana na siku yoyote. Swali linalofaa ni: “Leo tutakuwa wangapi, pamoja na mizigo?” Neno *leo* humtoa msemaji katika mazoea na kumleta katika safari iliyo mbele yake.

Fauka ya hayo, kuuliza si kumvunjia mtu heshima. Vijana wengi hunyamaza kwa sababu nahodha ni mtu mzima, na malezi yetu hayaturuhusu kumsaili mkubwa kana kwamba tuko mahakamani. Lakini mzee huulizwa kwa heshima na akajibu. Anayeanza kwa salamu, akamwita kwa cheo chake, na akaomba kufundishwa kuhusu upepo wa siku hiyo, hupata maelezo ambayo anayedai cheti kwa ukali hayapati.

Kukitazama chombo

Baada ya masikio huja macho. Abiria hahitaji ufundi ili kutambua mambo manne.

La kwanza ni maji yaliyo ngamani. Maji kidogo si ajabu, lakini yakikumbwa kisha yakarejea upesi, chombo kinavuja. Kopo la kukumbia maji nalo liwemo. La pili ni ubavu wa boti. Watu na mizigo wakishaingia, itazamwe ni kiasi gani cha ubavu kilichosalia juu ya maji. Ubavu ukiwa mfupi hata ghubani, mawimbi ya nje yatauvuka. La tatu ni mashine na mafuta. Mabaharia wengi duniani hufuata kanuni ya theluthi: theluthi moja ya mafuta ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya dharura. Mashine ikizimika, je, yamo makasia au mashine ya pili? Nanga na kamba yake vimo? La nne ni mawasiliano. Simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopenya maji ni bora kuliko simu iliyo mfukoni mwa suruali, ingawa mtandao haupatikani kila mahali ziwani.

Wapo wasemao kwamba wanajua kuogelea, na kwa hiyo hawahitaji jaketi. Kisiwa cha Kati, ambacho ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1983 na sehemu ya urithi wa dunia tangu 1997, kinajulikana kama mazalio ya mamba. Jaketi halimzuii mamba, wala kuogelea hakumzuii. Hoja ni kwamba katika ziwa hili kinga kuu ni kutopinduka kabisa, na jaketi ni la kumweka mtu juu ya maji hadi aokolewe. Livaliwe kabla ya kuondoka, kwa kuwa ni vigumu mno kulivaa mtu akiwa tayari majini.

Idadi na cheti

Misiba ya vyombo katika Afrika Mashariki imerudia somo moja. Tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa feri ya Mtongwe ilipopinduka Mombasa. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwapo, lakini wa daraja la tatu hawakuandikwa, na kwa sababu hiyo hata idadi ya waliokufa ikabaki kubishaniwa. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere iliyokuwa na nafasi ya watu 101 ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakapoteza maisha. Vyombo hivi vilikuwa vikubwa kuliko boti za Kalokol, na vilisimamiwa na taasisi za umma. Lakini ndani ya boti ndogo hesabu ni rahisi zaidi: abiria mwenyewe anaweza kuhesabu vichwa kabla kamba haijafunguliwa.

Cheti nacho kina nafasi yake. Nchini Kenya, Mamlaka ya Bahari iliyoundwa mwaka 2004 ndiyo yenye jukumu la kukagua na kusajili vyombo, yakiwemo maboti ya maziwani. Abiria ana haki ya kuuliza kama boti imekaguliwa. Hata hivyo, cheti hueleza hali ya siku ya ukaguzi, hakielezi mwenendo wa kila siku. Mfano mchungu ni wa boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception, iliyoungua usiku wa tarehe 2 Septemba 2019 karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California. Watu 34 walikufa wakiwa chini ya sitaha. Boti hiyo ilikuwa na cheti halali, na cheti hichohicho kiliagiza pawe na mlinzi wa zamu usiku. Usiku ule hapakuwa na mlinzi, na baadaye nahodha alitiwa hatiani mahakamani. Karatasi ilikuwa sahihi, lakini sharti lililoandikwa ndani yake halikutekelezwa.

Nahodha na fedha

Swali lenye kufichua mengi zaidi ni hili: “Mara ya mwisho uliahirisha safari lini, na kwa sababu gani?” Nahodha anayetaja siku na upepo wa siku hiyo amethibitisha kwamba ana mpaka asiouvuka. Asemaye kwamba hajawahi kuahirisha kwa miaka ishirini huenda anajisifu, lakini kwa msikilizaji makini amekiri kwamba safari zake hazijui siku mbaya.

Ni haki pia kumtazama nahodha kwa jicho la mwenye kutafuta riziki. Asipokwenda, halipwi. Mgeni aliyefika kutoka Lodwar kwa siku moja, akasisitiza kwamba lazima avuke leo, humsukuma mtu mwenye watoto wa kulisha achague baina ya upepo na chakula. Basi sehemu ya usalama iko mikononi mwa abiria. Atenge siku ya akiba katika ratiba yake. Wakubaliane mapema kwamba upepo ukizidi, safari itasogezwa na malipo hayatapotea. Amwachie mtu wa ufuoni majina ya wote waliopanda, mahali wanapokwenda na saa ya kurejea, pamoja na maagizo ya nani apigiwe simu wasipoonekana. Mhadhiri anayetuma wanafunzi nyanjani angefanya vyema kuiweka siku hiyo ya akiba ndani ya bajeti ya utafiti, kwani mwanafunzi asiye na fedha za kulala siku ya pili hana uhuru wa kukataa boti.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuiamini boti ni hitimisho linalojengwa kwa hatua: kulijua ziwa na saa zake, kuuliza maswali yasiyojibika kwa adabu tupu, kukitazama chombo, kuhesabu watu na majaketi, na kumpa nahodha nafasi ya kusema “leo hapana” bila hasara. Hatua moja ikikosekana, abiria ana sababu ya kutosha ya kubaki ufuoni, na hawiwi na mtu maelezo zaidi ya hayo. Masimulizi ya Longech yatasubiri hadi kesho. Msimuliaji na mtafiti wote wawili wanahitajika wakiwa hai.