Kemo inayojua itashuka steji gani

Ukipanda matatu Kangemi kuelekea katikati ya jiji, unajua itashusha watu Westlands, Museum Hill, hata pasipo na steji. Kemo ya kawaida husafiri mwilini hivyo hivyo. Doksorubisini, ile dawa nyekundu, ikishaingia mshipani hushuka kila mahali: kwenye uvimbe, sawa, lakini pia kwenye mizizi ya nywele na, mbaya zaidi, kwenye moyo. Ndiyo maana madaktari hujumlisha dozi zote ambazo mgonjwa amewahi kupewa. Zikizidi kiwango fulani, moyo unaweza kushindwa kazi.

Wanasayansi walifanya nini? Waliifungia dawa hiyo ndani ya kiputo cha mafuta kiitwacho liposomu. Upana wake ni kama nanometa 100. Panga karibu 1,000 ndipo ufikie unene wa unywele mmoja. Mishipa ya damu ya moyo imeshikana vizuri, kiputo hakipenyi kwa urahisi. Ile ya uvimbe hujengwa mbiombio, kama ghorofa za mjenzi asiye na kibali, kwa hivyo ina nyufa. Dawa hupenyea hapo. Makali yake ni yale yale, kilichobadilika ni mahali inaposhuka.

Usidhani ni ndoto ya kesho. Marekani iliidhinisha doksorubisini ya liposomu mwaka 1995, kwa ajili ya Kaposi sarkoma, saratani inayowaandama watu wanaoishi na HIV. Ni ugonjwa unaojulikana sana huku kwetu, lakini bei ya dawa ndiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa 2020, uliohusisha wagonjwa wa nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ulilinganisha dawa za kutibu saratani hiyo pale uwezo ni mdogo. Liposomu haikuwemo kabisa!

Nayo si muujiza. Watafiti wa Toronto walipopitia majaribio ya miaka 10 kwa wanyama, walionyesha mwaka 2016 kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya chembe hizo hufika kwenye uvimbe. Wagonjwa wengine huchubuka viganja na nyayo.

Kwa hivyo ukimsindikiza mzazi kliniki ya saratani pale Kenyatta, Upper Hill, na aandikiwe doksorubisini, uliza: moyo wake utapimwa lini? Ya liposomu ingemfaa? Nani atailipia? Na ukiuziwa chupa mtaani iliyoandikwa "nano", eti inatibu saratani, wewe shika njia yako.