Lugha ya Kwanza ya Mtoto Kiziwi

Katika mazungumzo ya kila siku maneno kiziwi na bubu hutumika mara nyingi kana kwamba yana maana moja. Mchanganyiko huo si kosa la msamiati tu, kwani umebeba dhana kwamba asiyesikia hana lugha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kinachomkosesha mtoto kiziwi lugha si uziwi wenyewe, bali ni kucheleweshewa lugha anayoweza kuipokea kwa macho.

Yafaa kwanza tuondoe shaka kuhusu hadhi ya lugha za ishara. Mwaka 1960 William Stokoe, aliyekuwa akifundisha katika Chuo cha Gallaudet mjini Washington, alidhihirisha kwamba ishara za viziwi wa Marekani huchanganuliwa katika vipashio vidogo: umbo la mkono, mahali ishara inapofanyiwa, na mwendo wake. Kipashio kimoja kikibadilika, ishara nyingine yaweza kuzaliwa, kama vile fonimu moja inavyotenga pata na bata. Mwaka 1991 Laura Petitto na Paula Marentette walieleza kwamba watoto viziwi wanaolelewa kwa ishara hubwabwaja kwa mikono yao wanapokaribia umri wa mwaka mmoja, kama wenzao wanaosikia wabwabwajavyo kwa sauti.

Watoto wenye bahati hiyo, hata hivyo, ni wachache. Huko Marekani zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, ambao kwa kawaida hawaijui ishara hata moja. Basi mtoto huweza kufika shuleni bila lugha yoyote iliyokamilika.

Je, hawezi kujifunza baadaye? Utafiti aliouchapisha Rachel Mayberry mwaka 1993 unatoa jibu zito. Alilinganisha watu wazima waliojifunza ishara katika umri unaolingana. Baadhi yao walizaliwa wakisikia, wakapata Kiingereza, kisha wakapoteza usikivu. Wengine walizaliwa viziwi na hawakuwa na lugha ya awali. Ingawa wote walikuwa wametumia ishara kwa miaka mingi, wale wa kwanza waliwapita wenzao. Tofauti, basi, haikutokana na umri wa kuanza ishara, bali na kuwapo au kutokuwapo kwa lugha ya kwanza utotoni. Udongo uwahi ungali maji.

Wapo wanaohofu kwamba ishara zitamzuia mtoto kupata lugha ya kusemwa. Hofu hiyo ni ya zamani: mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliamua kwamba usemi upewe nafasi ya ishara katika mafunzo, na uamuzi huo haukukataliwa rasmi na mkutano wa namna hiyo hiyo hadi ule wa Vancouver wa mwaka 2010. Lakini mwaka 2002 Mayberry na wenzake walionyesha kwamba viziwi waliopata ishara mapema waliimudu sarufi ya Kiingereza sawa na watu wanaosikia waliojifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Lugha ya kwanza, iwe ya mkono au ya ulimi, ndiyo msingi wa zinazofuata.

Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inaitaka Serikali, katika Ibara ya 7, kuendeleza matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya, na Ibara ya 120 inaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Hadhi hiyo ni kubwa, lakini mtoto hapati lugha ya kwanza Bungeni. Huipata mapajani mwa mama yake. Kwa hiyo mzazi aanze kufundishwa ishara mara tu uziwi unapogunduliwa, na watu wazima viziwi, ambao ndio wenye lugha, wawe miongoni mwa walimu wake. Nasi wanaisimu tuna wajibu wetu: tueleze sarufi ya lugha hiyo, na tuache kumwita bubu mtu ambaye hatujajifunza lugha yake.