Figo Haiuzwi, Hutolewa: Mafundisho ya Kanisa na Mifumo ya Kulinganisha Wachangiaji na Wagonjwa



Wapendwa waamini, mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa kufanya kazi ana njia mbili za kuendelea kuishi: kusafishwa damu kwa mashine mara kwa mara, au kupandikizwa figo. Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Wachangiaji wamekuwa ndugu wa wagonjwa. Lakini hutokea moyo wa ndugu ukakubali, vipimo vikakataa.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama mmoja wa Old Korogwe, mwenye damu ya kundi A, anataka kumpa figo mumewe wa kundi B. Kinga ya mwili wa mume ingeishambulia figo hiyo. Kule Handeni, kijana wa kundi B anataka kumwokoa dada yake wa kundi A, naye amekwama vivyo hivyo. Familia hizi hazifahamiani. Mfumo wa taarifa hutunza makundi ya damu na vipimo vya tishu vya kila jozi, kisha kompyuta hutafuta jozi zinazoweza kubadilishana. Hivyo mama angempa dada wa Handeni, na kijana angempa mume wa Old Korogwe. Korea Kusini ilianza mabadilishano ya namna hii mwaka 1991. Uholanzi ikawa na mpango wa kitaifa mwaka 2004.

Je, mabadilishano haya si biashara? Hapana, maadamu hakuna fedha wala faida inayotolewa kwa ajili ya kiungo. Mtakatifu Yohane Paulo II, akihutubia wataalamu wa upandikizaji mjini Roma tarehe 29 Agosti 2000, alifundisha kwamba kukifanya kiungo cha mwanadamu kuwa bidhaa ni kuudhalilisha utu wake. Aliongeza kwamba mpokeaji achaguliwe kwa vigezo vya kitabibu, si kwa cheo, dini wala hali ya maisha. Kwa hiyo orodha ya haki humlinda maskini asipitwe na mwenye uwezo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2296, inadai pia ridhaa ya mtoaji, na hatari kwake ilingane na mema yanayotarajiwa kwa mgonjwa. Hapa tujihoji sisi wenyewe. Kikao cha ukoo kinapomwelekezea kidole binti asiye na sauti, hiyo si sadaka tena. Mtoaji apewe nafasi ya kuzungumza na daktari faraghani, na akikataa, asinyooshewe kidole.

Kompyuta yaweza kulinganisha damu. Haiwezi kupima uhuru wa moyo. Kazi hiyo ni ya dhamiri, na ni yetu sote kuilinda.